Ufunguo wa Chumba cha Pumzi

Asiyerudisha ufunguo hajahama.

Mmemsikia mwenzangu Mbaraka akiisema, mkacheka, mkaniuliza tangu lini waandika programu wakawa na methali za wapangaji. Haya vijana, acheni kompyuta kidogo niwaeleze ilikoanzia.

Karakana yetu hapa Tanga ilikuwa imetengeneza mashine ya kufuatilia pumzi za watoto wachanga. Kila kitanda kilikuwa na kadi ya kielektroniki iliyoandika pumzi za mtoto moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Kiini cha mfumo, ile programu inayozitawala nyingine zote, kiliipa kadi chumba cha kuandikia, yaani sehemu ya kumbukumbu hiyo, kisha kukichukua kazi ikiisha. Tulijivuna sana, na kiburi si maungwana.

Asubuhi moja wakati wa majaribio wodini, skrini ilionyesha kwamba mtoto wa kitanda cha dirishani anapumua vizuri. Nesi Sikudhani akamtazama mtoto mwenyewe, akaona midomo imebadilika rangi. Alimwahi, namshukuru Mungu mpaka leo. Pumzi zile zilikuwa za mtoto wa kitanda jirani. Waya wa kadi yake ulilegea, ukapoteza mawasiliano kidogo tu, kiini kikadhani kadi yake imemaliza, kikagawa chumba chake kwa kitanda cha dirishani. Kumbe kadi ya jirani ilikuwa bado inaandika humo humo. Nesi akatuambia turekebishe au tubebe vyombo vyetu.

Mbaraka alitaka kiini kingoje kidogo kabla ya kugawa chumba.

"Kadi itakuwa imeshamaliza," alisema.

"Itakuwa, au imemaliza?" akauliza Tatu, aliyekuwa mbunifu wa kiini chetu. "Bibi yangu alipangisha vyumba Ngamiani. Hata mpangaji abebe godoro na kuku wake, bibi hakumwingiza mwingine mpaka ashike ufunguo mkononi. Kaka Mbaraka, asiyerudisha ufunguo hajahama."

Akaubomoa muundo wote, akaujenga upya. Sasa kila chumba kilibeba habari zake mahali pamoja: kinaanzia wapi, kina ukubwa gani, nani anaandika humo, na kama ufunguo umerudi. Kadi yenyewe ndiyo iliyopaswa kujibu kwamba imeacha kuandika. Isipojibu, chumba hakiguswi. Ilikuwa mistari michache tu ya programu, na mpaka leo nikiisoma namwonea Tatu wivu.

Tuliporudi wodini, Nesi Sikudhani aliuchomoa waya wa kitanda cha dirishani kwa mkono wake. Pumzi zikafutika kwenye skrini, kengele ikalia, yakatokea maneno: "Sina habari za mtoto huyu." Akaurudisha. Akachomoa wa jirani, ikawa vilevile.

Hakutusifu. Mtoto mmoja alikuwa akilia mwisho wa wodi, naye kwa mara ya kwanza akaziachia mashine zetu ulinzi wa wengine, akazipa mgongo, akaenda kumbeba. Tatu alipoona hivyo, machozi yakamtoka.

Basi msicheke tena. Asiyerudisha ufunguo hajahama.