Habari Nusu ya Ngoda

Mtu mmoja alikuwa na ghala la mahindi ya mbegu na ulimi mkali. Aliitwa Shekiondo, mkulima wa milimani. Mtumishi wake Ngoda, mtu mzima mwenye wajukuu, alikuwa na tabia moja iliyomkera bwana wake: kila alipoleta habari alianza na "Bwana, kuna kitu." Kuna kitu njiani. Kuna kitu migombani.

Siku moja Shekiondo akachoka. Akamkataza asimletee tena habari nusu. Asifungue kinywa mpaka ajue ni kitu gani, cha rangi gani na cha nani. Ngoda akaitikia, naye alikuwa mtii kupita kiasi.

Wiki ya kupanda, Ngoda akasikia kitu kikitafuna ghalani. Roho ikamruka, kwa maana nyumba nzima ilitegemea mbegu zile kwa mwaka uliokuwa unakuja. Akaenda mbio kwa bwana wake, akafungua kinywa, akakumbuka, akakifunga, akarudi alikotoka. Shekiondo akaendelea kunywa uji wake, ameridhika kwamba hatimaye mtu huyu amestaarabika.

Ngoda akaketi nje ya ghala kuchunguza. Kilikohoa kama mzee, lakini ni mzee gani mwenye meno ya kutafuna mahindi makavu? Kilikuwa na ndevu; aliziona kwenye ufa wa ubao. Kufungua mlango aliogopa, maana kingekimbia kabla hajakijua, na hapo angemwambia nini bwana? Siku mbili alikaa pale, na kutafuna hakukukoma.

Siku ya tatu kitu kikatoka chenyewe kupitia penye ubao uliong'oka, kimevimbiwa. Ngoda akakimbia kwa furaha kupeleka habari kamili: ni beberu, mweupe, sikio la kushoto limekatika, wa mjane Nakiete.

Shekiondo akakimbilia ghalani. Akakuta magunzi matupu. Mvua ya kwanza ikaanza kupiga bati juu ya kichwa chake, naye akakaa chini akalia.

"Ngoda, ndugu yangu, si ungeniambia tu kuna kitu!"

Wenzangu, ndevu, rangi na mwenye mali, vyote Ngoda alivijua baadaye, vikijengwa juu ya lile neno alilokatazwa, "kuna kitu." Nanyi mnaoliona dogo, niambieni: ni mwalimu gani aliyewafundisha kwamba kuna kitu, na kabla ya hapo mlikuwa mnajua nini?