Robo Rupia Iliyokaa Eda

Hapo zamani, rupia ilipokuwa bado inatembea mikononi mwa watu, palikuwa na sarafu ndogo ya fedha iliyoitwa robo rupia. Ndogo kama ukucha wa kidole gumba, lakini ukiwa nayo, mwenye duka alikuitikia salamu.

Katika mji mmoja wa pwani, Mzee Mbwana aliifunga robo rupia kwenye pindo la kanga ya mkewe, Bi Rehani. "Hii ya siku ya shida," akamwambia. Kisha akafa. Bi Rehani akakaa eda, hatoki nje, na kanga ile ikakunjwa sandukuni. Binti zake watatu wakamhudumia: Mwanatenga mkubwa, Subira wa kati, na Hidaya mdogo, ambaye tangu siku ya msiba hakurudi tena chuoni kusoma Kurani.

Mpiga mbiu akapita mitaani. "Rupia inaondoka! Shilingi inaingia! Leteni fedha zenu zibadilishwe!" Mjane yuko ndani. Pindo liko sandukuni. Hakuna aliyelikumbuka.

Eda ikaisha, Bi Rehani akaenda dukani na Hidaya. Mwenye duka akaigeuza sarafu, akacheka.

"Bi mkubwa, hii imekufa pamoja na mumeo. Kaizike."

Hidaya masikio yakamwaka moto.

Akaja mchuuzi wa haluwa, naye kesha kusikia habari ya dukani. "Nipeni huyo maiti wenu, wanangu, niwape sahani nzima." Nyumbani hawajala. Subira akameza mate, Hidaya akameza mate. Mwanatenga akaifumbata sarafu. "Haiuzwi. Ni ya baba." Wakalalia uji mwepesi.

Subira naye akaichukua, akazunguka kwa masonara. Huyu akamcheka, yule akamfukuza. Akazidi kuzunguka mpaka akampata Fundi Sururu, mzee asiye na mtoto, macho yameanza kuingia ukungu.

"Kigoda changu ni kimoja, na karibu nitakiacha," akasema fundi. "Njooni nyote, wewe na ndugu zako. Mfanyeni maiti huyu awe kitu ambacho mji utakitaka. Atakayestahili nitamfundisha kazi, na karakana itakuwa yake."

Tangu alipotoka chuoni Hidaya hakutaka kitu kama alivyokitaka kigoda kile. Mwanatenga akasema sarafu itobolewe. Subira akasema iyeyushwe. Hidaya alilitazama taji lililochorwa juu yake, akaona tundu litaliharibu na kuyeyusha kutalifuta. Basi fundi alipokwenda kuswali adhuhuri na dada zake wakaenda kuteka maji, akavuta mivukuto moto ukawaka, akashika koleo kama alivyomwona fundi akifanya, akalehemu ukingoni kipete kidogo cha kupitishia uzi. Moto ungezidi kidogo tu, baba yao angebaki tone la fedha jivuni. Haukuzidi.

Bi Rehani akaivaa shingoni, akaenda nayo harusini. Kesho yake wanawake wakajaa mlangoni kwa Fundi Sururu. Kumbe kila nyumba ilikuwa na maiti wake! Wa mbele kabisa alikuwa mke wa mwenye duka.

"Upesi, mwanangu," akamwambia Hidaya, "kabla mume wangu hajajua."

Siku hiyo wakala wali.

Jioni, Bi Rehani naye yupo, fundi akakisukuma kigoda katikati kwa mguu. "Haya. Nani anakaa?"

Mwanatenga akasema: "Mimi. Nisingeshinda njaa, sarafu ingekwenda na haluwa. Mngelehemu nini?"

Subira akasema: "Mimi. Nisingevumilia kufukuzwa, mngeitazama tu mkononi. Mlango huu nani aliufungua?"

Hidaya akasema: "Mimi. Kazi wanayoililia wale wanawake ni ya mkono wangu."

"Mkono wako!" Mwanatenga akamkata. "Uliitia motoni ya baba bila kutuuliza. Ingeyeyuka je?"

Hidaya alijua ni kweli. Lakini macho hayakutoka kwenye kigoda.

Bi Rehani akaangua kicheko, mara ya kwanza tangu awe mjane. "Na mimi je? Nisingekaa eda, ningeibadilisha mapema, tukanunua unga, tukala, ikaisha. Nipisheni nikae!"

Wote wakacheka, hata fundi. Ila kicheko kilipokwisha, kigoda kilikuwa bado kimoja, na Fundi Sururu bado anangoja.

Enyi mliokaa hapa mkanisikiliza, semeni: aliyeitunza, aliyeihangaikia, au aliyeifufua? Je, nani alistahili kukaa?