Pimbi na Mlaji wa Fungu la Reli

— Paukwa.
— Pakawa.
— Pakawa na nini?
— Pakawa na reli, bibi, nasi tumeshapanda.

Basi kaeni vizuri. Hapo kale serikali ya Simba ilikuwa na reli, toka milimani mpaka pwani. Kila mwaka Simba hutoa fungu la matengenezo, magunia mia ya mahindi, ya kununulia mataruma, yale magogo yanayolaliwa na vyuma. Na kila mwaka Kiboko, mkuu wa reli, huyapokea, huyafungua, huyala. Kwapu, kwapu, kwapu. Tumbo likanenepa, reli ikakonda.

Sasa Pimbi, kadude kadogo ka kike kasiko hata na mkia, kazi yake ilikuwa kukagua daraja la korongoni kwa nyundo. Taruma zima likigongwa husema ngo. Jumatatu moja akagonga la kwanza: bwe. La pili: bwe. La tatu nyundo ikazama kama kwenye ugali. Na Ijumaa dada yake na wanawe wanne walikuwa wapite hapo kwa treni.

Pimbi hakulia. Kulia kunajenga daraja? Alichukua karatasi akaenda kwa Kiboko, magunia ya mwaka huo ndiyo kwanza yameshushwa.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba. Sema upesi, nakula."

"Kula, baba. Nimekuja kukuondolea usumbufu. Andika kwamba daraja umeshalitengeneza. Nani tena atakuuliza magunia?"

Kiboko akacheka mpaka punje zikamtoka puani. "Kumbe una akili, na kichwa chenyewe kama kokwa ya embe."

"Weka unyayo hapa, mkuu."

Akaweka, pwa, na matope yake. Wala hakwenda kulitazama daraja.

Pimbi mbio kwa Simba. "Mfalme, daraja limekwisha, unyayo wa Kiboko huu hapa. Sisi wa nyundo tunaomba desturi yetu ifuatwe: mwenye unyayo apande treni ya kwanza, yeye na mkewe na watoto. Iwe Alhamisi."

Simba akafurahi, akaamuru na ngoma.

Habari zilipomfikia Kiboko, mahindi yalimkwama. Akipanda, ataporomoka na wanawe. Akikataa, Simba atauliza kwa nini. Akamwendea Pimbi, jasho linamchuruzika.

"Mdogo wangu, lile daraja likoje?"

"Si umelitengeneza wewe, baba?"

"Nisaidie."

"Mimi wa nyundo tu. Wa magunia ni wewe."

Siku mbili Kiboko hakulala. Magunia yakatoka, mataruma yakaja, na wabebaji walipopungua akabeba mwenyewe mgongoni. Pimbi yuko nyuma anagonga. Bwe: "Toa hilo." Bwe: "Na hilo." Ngo: "Haya, liache." Mkuu mzima anaamrishwa na kitu cha kutia mfukoni, naye anaitikia "naam, bibi". Nimewaona wajanja wengi; kama huyu, sijamwona.

Alhamisi Kiboko akavuka, macho kayafumba. Ijumaa akavuka dada yake Pimbi, watoto wanagombea dirisha. Simba akamvisha Kiboko nishani ya ujenzi. Pimbi akaambiwa arudi kazini.

Hadithi imefika stesheni, teremkeni. Funzo lake ni hili, wanangu: kuleni fungu la reli bila hofu, maana pasipo mlaji nani angebeba yale mataruma? Na msigongegonge vitu vya serikali. Mkivigonga, vitajibu.