Pikipiki ya Shekalaghe na Siri Tatu

Hapo zamani, si zamani ya majini bali ya petroli na mabati, katika mji wa milimani wa Kwezindo, aliishi fundi Shekalaghe. Babu yake alifua majembe. Baba yake alifua baiskeli. Naye akaunda pikipiki. Kila kazi ya ukoo huo ilipigwa chapa ya jani la mgomba, kwa nyundo ile ile moja.

Iliyomridhisha ilikuwa moja tu. Ilikuwa na kimo cha pikipiki ya porini, lakini magurudumu madogo na matairi laini ya lami. Injini yake ilikuwa ya cc mia na ishirini na tano tu, ila kwenye kona za mlima ililala kama paka, ikainuka. Watu walisema ni mbuzi aliyevaa viatu vya harusi.

Mungu akamchukua Shekalaghe. Mirathi ikagawanywa kwa sheria. Ila ukutani mwa karakana alikuwa ameandika kwa chaki: "Atakayeiwasha pikipiki ni yake, pamoja na nyundo ya babu." Warithi wote wakaridhia.

Mjane wake, Bi Salha, alikaa eda hadi mwisho wake. Miaka kumi na tisa mlio wa chombo kile ndio uliomwambia kwamba mumewe amefika kona ya chini, amimine chai. Hata sasa saa hiyo ikifika, alitega sikio. Alimwomba Mungu ausikie tena, japo mara moja.

Eda ilipokwisha, akafungua karakana. Wakaja wawili: Shemhilu, ndugu wa marehemu, na Kingazi, fundi jirani, aliyemcheka marehemu miaka yote na kumwazima spana miaka yote.

Siku ya kwanza Shemhilu aligonga kabureta mara mbili kwa nyundo ya babu. Akapiga kiki mpaka kofia ikaanguka. Kimya.

Siku ya pili Kingazi aliilaza upande wa kushoto, akahesabu hadi saba, akaiinua. Akapiga kiki, kiatu kikaruka ukuta. Kimya.

"Shemeji, huyo anaiwasha au anaifukuza?" Shemhilu akauliza.

Siku ya tatu Bi Salha alijifunga kanga, akasema Bismillahi, akaziba kinywa cha kabureta kwa kiganja, akapiga kiki. Ikakohoa mara moja, kama mtu anayetaka kusema neno. Kisha kimya. Bi Salha akalia.

Wanaume wale hawakujua pa kutazama. Shemhilu, kwa uchungu, akagonga mara mbili. Kingazi akailaza, akahesabu, akaiinua. Bi Salha akaziba, akapiga kiki.

Ikanguruma.

Ndipo ikajulikana. Marehemu, Mungu amrehemu, alimwambia kila mmoja siri moja, na akamwapia kila mmoja kuwa ni yeye peke yake aliyeambiwa.

"Nyundo hii haijatoka katika ukoo," akasema Shemhilu. "Ikienda kwa Kingazi, atapigilia misumari ya banda la kuku."

"Wewe ulipewa siri kwa damu," akajibu Kingazi, "na Bi Salha kwa ndoa. Mimi nilipewa kwa lipi, kama si kwa ufundi?"

Bi Salha alikuwa ameweka mkono juu ya tangi, akiusikia mtetemo. "Ninyi mliigusa ikiwa imekufa," akasema taratibu. "Mimi kiganja changu kilikuwa kinywani mwake ilipovuta pumzi."

Wakabishana mpaka adhana ya alasiri. Pikipiki ilikuwa bado inanguruma, maana hakuna aliyethubutu kuizima. Aizimaye atawahitaji wale wawili tena.

Na kiti chake ni cha mtu mmoja. Na petroli inakwenda.

Basi nanyi mlioketi hapa, semeni kabla tangi halijakauka: kati ya hao watatu, ni nani aliyeiwasha pikipiki ya Shekalaghe?