Ijumaa Aliyoshuka Ngwame

Zamani zile, Sungo ilipokuwa bado si dola bali vijiji saba vinavyoibiana mbuzi na kusalimiana kwa mikuki, alizaliwa Ngwame bin Shale bin Mkame, Kifaru wa Bara, Mvunja Malango. Babake alichimba chumvi, na babu yake alichimba chumvi. Koneksheni kwa wakubwa hakuwa nayo hata moja, na mkiniletea zile habari za damu ya kifalme nitawacheka. Alichokuwa nacho ni mabega.

Kwa mabega hayo aling'oa lango la Kirumbo, mji uliowafungia maskini maji, akaingia nalo mgongoni kama ngao. Na vita vilipokwisha akabeba gogo zima la mvule kutoka msituni hadi katikati ya vijiji saba, bila kulitua njiani, akaamuru lichongwe mimbari, akatamka: "Hapa tutasali pamoja. Anayetaka vita tena, anibebe mimi kwanza." Hakuna aliyembeba. Dola ikasimama, na hilo hata adui zake hawalipingi.

Ili isirudi kuwa vijiji, akaweka sheria: kila Ijumaa jina lake litajwe katika hotuba, na hatibu atakayeliacha avue viatu, atoke kwa Lango la Chumvi, asirudi.

Ikatokea Ijumaa moja hatibu mzee, Sharifu Twalibu, kashikwa na kikohozi palepale penye jina, na kilipomwachia akaendelea mbele, jina limeshapita. Mji mzima ulimwombea. Hata Mwana Kazija, binti pekee wa sultani, alisimama barazani akasema, "Baba, ni kifua tu. Kifua hakina siasa."

Sultani akajibu kwamba sheria ni sheria. Full stop. Mzee akatoka miguu mitupu kuelekea jangwa la chumvi, na watu juu ya ukuta wakakisikiliza kikohozi chake mpaka kilipokatika.

Tangu hapo hakuna hatibu aliyethubutu kulisahau jina, na ndipo uchovu wa Ngwame ulipoanza. Kwani anayetajwa katika hotuba ndiye sultani, na usultani ni kazi permanent isiyo na pensheni. Aliamua vita, akaamua mipaka, akafika mahali anaamua jogoo wa nani kala mtama wa nani, kwa sababu watu wale wale waliokuwa wakipasua miamba kwa mikono sasa hawakuzibua hata mfereji bila amri yake. Magoti yakavimba, macho yakaingia ndani, na wagomvi wakaletwa mpaka kitandani. Aliwaambia wazee wa baraza amechoka, wamtawaze Kazija, au yeyote. Wazee, walionenepa kivulini mwake, wakambusu mkono na kumkumbusha kwamba jina lake linasomwa, basi yupo.

Akamwita hatibu mpya, Maalim Badi, akamsihi aliache jina Ijumaa ijayo. Mvunja Malango, anasihi.

"Mwinyi wangu," Badi akasema, "magoti yangu mabovu kama yako. Jangwa lile silivuki."

"Nitakusamehe."

"Sharifu naye aliombewa msamaha. Ulisema sheria hii haina."

 Lango la Kirumbo aliling'oa; neno lake mwenyewe lilimshinda.

Ijumaa ilipofika alipanda mimbari yeye, taratibu, akiushika mti ule aliowahi kuubeba na ambao sasa ulimbeba. Akamhimidi Mungu, akamswalia Mtume, akawaombea wagonjwa na wasafiri. Penye jina akanyamaza. Mzee mmoja wa baraza, akidhani sultani kasahau anaitwa nani, akamnyooshea kidole kumkumbusha. Ngwame akamtazama, akashuka, akasalisha. Kisha akaacha viatu mlangoni.

"Hatibu kaliacha jina," alisema. "Nifungulieni lango."

Kazija alimfuata hadi penye chumvi. "Sheria ni yako, baba. Ifute."

"Nikiifuta leo kwa ajili yangu, mwanangu, yule mzee nitamwambia nini?"

Akatoka. Kaburi lake halijulikani, na chumvi haitunzi nyayo.

Mimbari ingalipo Sungo, na mpaka leo hotuba ya huko, penye jina la mtawala, hukaa kimya kidogo kisha ikaendelea. Wamekuja wakubwa wengi, kila mmoja na msafara wake na hatibu aliyeshibishwa pilau, wakataka majina yao yasomwe penye kimya hicho. Nayo husomwa. Kusema wakati wa hotuba ni kosa, kila mtoto anajua, kwa hiyo hakuna anayesema neno. Ila huanza mtu mmoja safu ya mbele, wa pili akapokea, kisha wanawake nyuma ya pazia, mpaka msikiti mzima unakohoa.