Yasinta Hadeki

"Binya juu, chini pataitika." Mmeisikia, mmecheka, sasa mnataka kujua imetoka wapi. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi, hapa hapa Mbinga, enzi nikiwa mlinzi wa goli wa timu yetu ya netiboli. Msinitazame hivyo, nilikuwa mwembamba.

Mfungaji wetu alikuwa Yasinta Kapinga. Mazoezini aliruka kudaka mpira, akatua, unyayo ukanasa kwenye udongo na mwili ukazunguka. Kesho yake alichechemea, ila kifundo hakikuvimba. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Shangazi yake Oliva, fundi wa kuchua, alikibonyeza kifundo kile kila upande asipate kitu, akatangaza kisimani kwamba mtoto anadeka, anakwepa kuchuma kahawa. Tukamwita Madeko. Kocha naye akasema akikosa mazoezi tena, nafasi yake timu ya wilaya anapewa mwingine. Masikini Yasinta akajikaza kukimbia, akaanguka. Kutoaminiwa kulimuuma kuliko mguu.

Mama yake akachoka maneno, akampeleka zahanati. Shangazi akafuata, kocha akafuata, nasi wachezaji tukajazana mlangoni kwa umbea. Tabibu Haule alianza na mguu, katikati ya goti na kifundo. Akaishika mifupa miwili ya pale, akaibana pamoja. Yasinta nusura aanguke kutoka kitandani.

"Pameuma hapa ninapobinya?"

"Hapana, daktari. Kule chini, juu kidogo ya kifundo."

Haule akamgeukia shangazi. "Mama, huyu hadeki. Kano zinazofunga mifupa hii miwili zimeumia. Zinaweza zisivimbe, na hupona polepole kuliko kuteguka kwa kawaida. Msimchue. Nitamfunga mguu, atembelee magongo. Atacheza akiweza kurukia mguu huo bila maumivu."

Yasinta alicheka huku machozi yakimtoka. Kocha akamwahidi kumsubiri. Shangazi Oliva, mwanamke wa miraba minne, hakusema pole, alimbeba mgongoni hadi nyumbani, na kila aliyekutana naye njiani alimwambia, "Hadeki huyu."

Yasinta alipona, akaruka, akatufungia magoli hadi tukapoteza sauti kwa vigelegele. Na tangu siku ile, ukimwita mtoto wa mtu mvivu au mdekaji mbele ya Shangazi Oliva, hukukatiza hapo hapo: umemtazama wapi? Binya juu, chini pataitika.