Siku Saba Hazikutosha

Hapo zamani, zamani za juzi tu, kabla simu hazijaingia mifukoni mwa watu na kabla mipaka haijalegezwa, palikuwa na mpishi wa shule huko Urambo, jina lake Nyanzala. Kaeni vizuri mnisikilize, maana mwishoni nitawadai jawabu.

Nyanzala alipika uji na maharage ya watoto wa watu miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu, wale aliowalisha, sasa watu wazima wenye kazi zao, walikusanyika wakamwambia, "Mama, umetulisha vya kutosha. Sasa nenda ukatembee. Chagua nchi yoyote, nauli juu yetu."

Walidhani atachagua miji mikubwa wanayoisikia redioni. Nyanzala hakufikiri hata kidogo. "Nipelekeni nchi ya milimani, alikoolewa Milembe."

Milembe alikuwa rafiki yake tangu kutambaa. Walikulia ua mmoja, walitwanga kinu kimoja, huyu akiinua mchi, huyu akishusha. Kisha akaja fundi seremala kutoka nchi ya milimani, anaitwa Zerve, akachonga mlango wa kanisa lao. Alipoumaliza mlango akaondoka, na Milembe akaondoka naye. Barua zilikuja miaka miwili mitatu, halafu kimya. Ikawa miaka thelathini na sita hawajaonana.

Basi Nyanzala akapanda basi hadi mpakani. Askari wa mpaka akamwuliza, "Mama, unakuja kutalii nini huku kwetu? Ziwa? Ngoma? Sokwe?"

"Nakuja kumtalii mtu mmoja."

Askari akacheka mpaka kofia ikamlalia usoni. Akagonga muhuri: mtalii, siku saba, akae katika mji wa kando ya ziwa, ule zilikotoka barua za Milembe, asitoke kwenda wilaya nyingine.

Siku ya kwanza, iliyokuwa Jumatano, Nyanzala akauliza sokoni: mnamjua Milembe? Hatumjui. Siku ya pili akauliza kanisani: mnamjua Milembe? Hatumjui. Siku ya tatu akauliza kwa wauza vitenge, siku ya nne kwa wasusi, maana wasusi hujua kila kichwa cha mji. Hatumjui, mama, pole. Siku ya tano hakuuliza mtu. Alikaa tu, ameloweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, akijiona mjinga.

Siku ya sita, akienda kununua mkate, akaona mlango. Mlango wa nyumba ya mtu, umechongwa masuke ya mtama juu hadi chini, na kila suke limeinama kushoto. Mlango wa kanisa la kwao ulikuwa hivyo hivyo.

"Nani kauchonga huu?" akamwuliza mwenye nyumba.

"Fundi Zerve. Karakana yake ipo nyuma ya tanuri la matofali."

Nyanzala alipofika alikuta mzee mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Mzee akamtazama, akaangusha randa.

"Shemeji Nyanzala!"

"Yuko wapi?"

"Mke wa Fundi, ndivyo wanavyomwita huku, amepanda mlimani, wilaya ya pili, kwa binti yetu. Siku zake za kujifungua zimekaribia. Alisema Ijumaa atakuwa amerudi."

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Kibali cha Nyanzala kilikuwa kinakufa Jumanne.

Sasa hesabuni pamoja nami, maana hapa ndipo wanapoingia watu watatu.

Wa kwanza alikuwa Mama Spesi, mwenye nyumba ya wageni alimolala Nyanzala. Sheria ya nchi ile ilisema mtalii akitaka kuongezewa siku, lazima mwenye nyumba ya wageni iliyoandikishwa amdhamini kwa sahihi yake. Mgeni akizidisha hata siku moja, nyumba inafungwa. Zerve alitaka kusaini yeye, akaambiwa karakana si nyumba ya wageni.

Dada zake Mama Spesi walimzuia. "Spesi, humjui huyu! Miaka miwili iliyopita si ulimdhamini yule mwuza saa, akatoroka, ukafungiwa miezi mitatu?"

Mama Spesi akamtazama Nyanzala. "Dada, utanitorokea?"

"Kwa magoti haya?" Nyanzala akasema.

Mama Spesi akasaini. Nyanzala akapata siku nne: Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi.

Ijumaa ikafika. Nyanzala alijitanda khanga mpya, akakaa stendi tangu asubuhi. Kilichokuja ni mvua. Ilinyesha kama iliyotumwa, na mlimani udongo ukaporomoka, ukafunga barabara. Hapakuwa na gari la kupanda wala la kushuka.

Jumamosi, siku ya mwisho, akaenda ofisi ya uhamiaji. Kufuli. Mlinzi akamwambia, "Leo hakuna kazi, mama. Afisa yuko kwenye posa ya mdogo wake, kule zinakolia ngoma."

Nyanzala akazifuata ngoma. Huyo ndiye wa pili: Afisa Ndabaneze. Alimkuta kavaa shuka jeupe lililofungwa begani, amesimama katikati ya watu. Ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo wao, na katika nchi ile msemaji wa posa ni kama kipa wa mpira: akiteleza, mnafungwa wote. Ndiyo kwanza alikuwa ametoa methali ya pili.

Nyanzala akasimama pembeni, akanyoosha karatasi yake. Ndabaneze akaitazama karatasi, akautazama uso wa yule mama. Akasoma tarehe. Akamgeukia mjomba wake. "Mjomba, shika hapa."

"Nishike nini? Mimi sijui kusema!"

"Nakuja."

Akatembea na shuka lake jeupe kwenye matope hadi ofisini, akafungua kufuli, akasikiliza habari ya Milembe tangu kinu hadi maporomoko. "Sheria inaniruhusu kuongeza mara moja tena, siku mbili, basi. Baada ya hapo hata nikiwa mwanao siwezi." Akagonga muhuri. Jumapili na Jumatatu.

Aliporudi, mambo yalikuwa yameharibika. Mjomba alikosa methali, akaanza kuhesabu wajukuu wake, na upande wa bibi harusi ukawacheka mpaka jua likazama. Posa ilipita, lakini hadi leo ukoo ule unataniwa.

Jumapili Milembe hakuja. Jumatatu asubuhi hakuja. Basi la kurudi lilikuwa linaondoka saa tisa alasiri. Nyanzala akafunga begi lake taratibu, akaenda stendi, akamwachia Zerve aliyekuja kumsindikiza chungu kidogo cha asali ya Urambo. "Mpe. Mwambie nilifika."

Sasa mlimani. Binti yake Milembe alijifungua Ijumaa usiku, mapacha! Ukweni wakawaita Bukuru na Butoyi, bibi yao akawaita Kulwa na Doto, na wenyewe waliitikia majina yote kwa kilio. Ujumbe wa Zerve ulimfikia Milembe Jumatatu saa nne asubuhi, umeletwa na watu waliovuka maporomoko kwa miguu. Aliposikia "Nyanzala," alimkabidhi mkwewe mtoto aliyekuwa mkononi, akaondoka na kandambili. Alivuka tope kwa miguu, na upande wa pili akatembea huku analia, kwa sababu aliijua barabara ile: kilomita ishirini na tano.

Hapo ndipo akatokea wa tatu. Misago, mwendesha baiskeli wa ndizi, alikuwa anateremka sokoni na mikungu saba. Akaona bibi anakwenda mbio huku anajipangusa macho.

"Bibi, umefiwa?"

"Sijafiwa! Rafiki yangu anaondoka saa tisa. Sijamwona miaka thelathini na sita."

Misago akatazama jua. Akatazama mikungu. Akaishusha yote, akaiegemeza kando ya barabara, akapiga kiti cha nyuma kwa kofi. "Panda, bibi. Nishike kiunoni, na usinisemeshe kwenye kona."

Baiskeli ile haikuwa na breki. Breki yake ilikuwa soli ya kiatu cha Misago. Milembe alishuka mlima ule akimwita Mungu kwa Kinyamwezi, kwa Kiswahili na kwa lugha ya ukweni, ili asiachwe nje kwa sababu ya lugha. Saa nane kamili wakaingia stendi, soli imekwisha, kisigino kinatoa moshi.

Nyanzala akageuka.

Wakatazamana.

"Umenenepa," akasema Milembe.

"Na wewe umefupika."

Wakacheka hadi wakashindwa kusimama, wakaketi chini kwenye vumbi la stendi wameshikana mikono kama watoto, na kicheko kikageuka machozi, na machozi yakageuka kicheko tena. Walikuwa na saa moja. Waliisema miaka thelathini na sita katika saa moja, wakala na ile asali kwa vidole.

Kisha Milembe akatoa kwenye khanga karatasi iliyokunjwa. "Ona mambo ya Mungu. Nilikuwa nimekwisha kukata tiketi ya basi la Jumatano, kwenda na kurudi, hata Zerve sikumwambia, nije kukutafuta Urambo. Lakini nilitegemea mtoto mmoja, wamekuja mapacha, siwezi kuwaacha. Kampuni inaruhusu kubadili jina mara moja tu. Nani ametukutanisha? Huyo aende badala yangu. Akaione nyumba yetu, anywe maji ya kisima chetu, aje anihadithie. Nawe mpokee kama ungenipokea mimi."

Nyanzala akainua macho. Mama Spesi yupo, kaja kumsindikiza. Ndabaneze yupo, kaja kugonga muhuri wa kuondoka. Misago yupo, anapuliza kisigino.

Mama Spesi akasema, "Ni mimi. Bila siku zangu nne, za afisa zingeongezwa juu ya nini? Niliweka nyumba yangu rehani kwa mtu nisiyemjua. Na miaka ishirini natandikia wageni vitanda, sijawahi kuwa mgeni hata siku moja."

Ndabaneze akasema, "Mama Spesi, sahihi yako ilikupatia mgeni wa kulala siku sita zaidi. Mimi nilipata nini? Kuchekwa! Ukoo mzima unachekwa. Bila mimi angeondoka Jumamosi. Na miaka kumi na tisa nagonga pasi za wenzangu, yangu haijagongwa."

Misago akasema, "Afisa, muhuri ni kazi yako, tena unalipwa mshahara. Siku zenu sita zote zilikuwa siku za kusubiri. Aliyemleta aliyesubiriwa ni mimi. Mikungu yangu saba hivi sasa inaliwa na mbuzi na wapita njia. Na nimesikia Urambo barabara ni tambarare. Nataka kuona tambarare kabla sijafa."

"Lakini wewe hukumjua Nyanzala," Mama Spesi akamrukia. "Ulimwona tu bibi njiani ukamwonea huruma."

"Na wewe ulimjua?"

Stendi nzima ikaingia. Wauza mahindi walikuwa upande wa Misago. Wanawake wenye mabanda ya chakula walikuwa upande wa Mama Spesi. Wazee waliokuwa wanacheza bao wakasema muhuri wa siku ya mapumziko si muhuri wa kawaida, mpeni afisa. Dereva akapiga honi. Kondakta akashika kalamu juu ya tiketi. "Mama, jina! Taja jina tuondoke!"

Nyanzala alitaja jina. Mgeni alifika Urambo, akapokewa kwa vigelegele, akalala kitanda alichotandikiwa Milembe. Mimi mwenyewe nilimwona kwa macho yangu, anakunywa maji ya kisima kile.

Lakini simtaji, sitamtaja, mpaka niwasikie ninyi. Mmoja alihatarisha nyumba yake, mmoja aliiacha heshima ya ukoo wake, mmoja alimwaga riziki yake barabarani. Kiti kilikuwa kimoja. Haya, wewe uliyekaa karibu na mlango, anza: nani alistahili kukikalia?